Nilienda kutafuta miwani ya kusomea, nikatoka na habari ya jicho la kushoto (madereva someni)

Mzee wa Trela

Habari za usiku wakuu. Uzi huu nimeuandika siku tatu, nafuta, naandika tena, kwa hiyo mnivumilie ukiwa mrefu.

Mimi ni dereva wa trela. Au nilikuwa, tutafika huko. Nina miaka 51. Njia yangu ni kutoka Malaba, mpakani mwa Kenya na Uganda, Kampala, Karuma, Gulu, Elegu, na Juba barabara ikiruhusu. Miaka 22 kwenye usukani na sijagonga mtu, Alhamdulillahi.

Mwaka juzi nilianza kuona karatasi za forodha kama zimeandikwa na sisimizi. Unaishika karatasi, unaisogeza mbali, mkono unaisha na herufi bado hazijakaa sawa. Nikaenda sokoni nikanunua miwani ya elfu kumi, zile zinazotundikwa kwenye ubao kama samaki wa kukausha. Unajaribu ya kwanza, ya pili, ya tatu unaweza kusoma gazeti la muuzaji, unalipa unaondoka. Nikahesabu kwamba mambo ya macho nimeyamaliza.

Mwezi wa pili mwaka huu tanboi wangu, msaidizi wangu wa safari, akaikalia. Siku hiyo tumekwama kwenye foleni Malaba, trela hazisogei, na shemeji yangu akanipigia simu: "Badala ya kununua nyingine sokoni, si uende hospitali ya macho wakupime vizuri? Foleni yenyewe utaikuta palepale." Nikaenda kwa sababu sikuwa na kazi nyingine.

Sasa sikilizeni walichonifanyia, maana mimi nilidhani kupimwa macho ni kusoma herufi ukutani basi.

Kwanza maswali, na mengi hayakuwa ya macho. Una kisukari? Presha? Pumu? Unatumia dawa gani? Kuna mtu wa kwenu aliyepofuka? Nikasema marehemu mzee alipofuka, lakini ni uzee tu. Binti aliyekuwa anaandika akainua kichwa. "Alikuwa na miaka mingapi?" Nikaanza kuhesabu. Mzee alianza kushikwa mkono nikiwa darasa la saba. Hakuwa amefika hata sitini.

Kisha herufi. Unakaa mita sita kutoka kwenye ubao, jicho moja unaliziba kwa kiganja bila kulibonyeza, unasoma kuanzia kubwa kwenda ndogo. Asiyejua kusoma ana ubao wake wa E tupu zilizogeuzwa huku na huku, anaonyesha kwa vidole miguu ya E imeelekea wapi. Jicho la kulia nilisoma karibu yote. La kushoto mistari miwili ikanishinda. Wakanipa kadi yenye kitundu kidogo nichungulie, na mstari mmoja kati ya ile miwili ukasomeka. Wakanieleza: kitundu kikisaidia, tatizo ni la lenzi na miwani italirekebisha, kisiposaidia, tatizo litafutwe ndani zaidi. Kadi tu iliyotobolewa! Nilitoka hapo nikijisifu, nikajua nitapewa miwani niende zangu.

Baadaye ikaja kurunzi. Musawo, yaani tabibu, anamulika kulia, kushoto, kulia, kushoto, kama mtoto anayecheza. Kumbe anaangalia mboni. Mwanga ukiingia, mboni inatakiwa isinyae. Yangu ya kushoto, kila akihamishia kurunzi kwake, ilikuwa inatanuka. Jicho linamulikwa lakini ubongo unapata habari nusu. Hakusema kitu, akaandika.

Akavuta kiti akakaa mbele yangu, magoti karibu yagusane. "Ziba la kulia. Niangalie puani, usihamishe jicho. Vidole vingapi?" Akanyoosha mkono pembeni. Nikamwuliza, vidole gani? Mkono wenyewe siuoni. Akausogeza ndani, akausogeza tena, umekaribia sikio lake ndipo nikaona viwili.

Jasho lilinitoka mahali ambapo hapakuwa na joto.

Ikafuata ile mashine ya kuweka kidevu na paji la uso. Tone la ganzi, tone la rangi ya njano, mwanga wa buluu, kitu kinagusa jicho na husikii maumivu. Hapo wanapima presha ya jicho. Ya kawaida ni kati ya 10 na 21. Kulia nilikuwa na 28, kushoto 34.

Mwisho matone ya kupanua mboni ili waone nyuma kabisa. Macho meusi kama yetu huchelewa kupanuka, nilikaa karibu saa nzima kwenye benchi. Baada ya hapo karibu na wewe kote ni ukungu na jua linachoma kama la Moroto, kwa saa kadhaa. Musawo akachungulia muda mrefu, akachukua karatasi akanichorea. Nyuma ya jicho pana kisahani, ndipo nyuzi zote za kuonea zinapokusanyika kwenda kwenye ubongo. Katikati ya kisahani pana kikombe. Kwa watu wengi kikombe ni kama theluthi ya kisahani. Changu cha kushoto kilikuwa kimekula kisahani karibu chote, umebaki ukingo mwembamba. Kilicholiwa ni hizo nyuzi, na hazioti tena.

Ugonjwa unaitwa glakoma. Nikarudi wiki iliyofuata kwa mashine nyingine, unaingiza uso kwenye bakuli jeupe, vitaa vinawaka hapa na pale, ukikiona kimoja unabonyeza kitufe. Waliponionyesha picha ya jicho la kushoto, kulikuwa na weusi mzima na kidirisha katikati. Kama mtu anayetazama dunia kupitia bomba la maji.

Na hiki ndicho kilichonifanya niandike. Miezi kama minane nilikuwa nalalamika kwa kila mtu kwamba boda za Kampala zimepoteza adabu, zinatokea upande wa kushoto kama zimeota kwenye lami. Nimezitukana sana. Pale Bweyogerere kuna kijana nilimpigia honi mpaka akashuka kutaka kunipiga. Kumbe kijana alikuwepo muda wote. Mimi ndiye sikuwepo upande ule.

Na namba ya gari la mbele nilikuwa naisoma kutoka mbali kumshinda tanboi wa miaka 24. Ndiyo maana sikuwahi kuwaza.

Kikuubo Boy

Pole sana mzee. Lakini tuseme ukweli, hawa watu wa macho nao ni wafanyabiashara. Mimi niliingia duka moja la miwani mjini, nikaweka uso kwenye kimashine, dakika tatu, kikatoa karatasi kama risiti, nikaambiwa nahitaji miwani ya laki nne. Nikatoka. Bado naona. Isitoshe ukianza kuvaa miwani macho yanalegea, yanazoea kubebwa. Kula karoti mzee.

Jirani wa Tororo

Mzee wa Trela, ukisema "hospitali ya macho" na foleni ya Malaba sisi wa huku tunajua unazungumzia upande gani, haha. Kwa wasiojua: Tororo kuna Benedictine, Kampala kuna Mulago na pale Mengo, na magharibi kuna Ruharo, Mbarara. Mengo ni hospitali ya tangu 1897, babu yangu alitolewa mtoto wa jicho hapo.

Musawo wa Macho

Naomba niingie. Nimesomea Jinja, kile chuo cha maofisa tabibu wa macho, na nafanya kazi wilayani. Sitataja wapi maana wagonjwa wangu wamo humu.

Kaka wa Kikuubo, nusu ya maneno yako nakubali. Kile kimashine kinachotoa risiti kinakadiria namba ya lenzi, basi. Hakijui kisahani wala kikombe. Mtu anayekuuzia miwani kwa karatasi hiyo peke yake hajakupima macho, amekupima ukubwa wa kiatu. Ulifanya vizuri kutoka. Ulikosea kwa kutokwenda kwingine.

Nusu ya pili hapana. Miwani hailegezi jicho. Ukifika arobaini na kitu, lenzi iliyo ndani ya jicho inakuwa ngumu, haijikunji tena kutazama karibu. Uvae usivae, itaendelea kuwa ngumu. Unaona tofauti kubwa ukiivua kwa sababu umeshakumbuka kuona vizuri kulivyo. Karoti ina vitamini A, inamsaidia aliyepungukiwa nayo, hasa mtoto mwenye utapiamlo. Haiteremshi presha ya jicho na haisafishi mtoto wa jicho, hata ukila gunia.

Mzee wa Trela, ulivyoeleza umeeleza vizuri kuliko tunavyoeleza sisi. Naongeza moja. Wengi wanaishi na glakoma miaka mingi bila maumivu, bila wekundu, bila machozi. Inaanzia pembeni, na jicho la pili linafidia, na ubongo nao unajaza pengo kwa rangi ya barabara au ya ukuta. Huoni weusi. Huoni chochote kinachokosekana. Mgonjwa anakuja kwangu anaposhindwa kutambua uso wa mkewe, na wakati huo sina cha kumrudishia.

Afande Mstaafu

Musawo, shikamoo kwanza kama umenizidi umri, na kama sivyo basi salamu tu. Mimi nina kisukari mwaka wa tisa. Presha napima kila mwezi kwenye zahanati yetu na iko sawa, 130 kwa 80. Kwa hiyo presha ya macho sina?

Musawo wa Macho

Marahaba afande, ingawa nadhani umenizidi wewe.

Hizo ni presha mbili tofauti, jina tu ndilo linalotuchanganya. Ya mkononi ni ya damu. Ya jicho ni ya maji yanayotengenezwa ndani ya jicho na kutoka kwa mfereji wake. Mfereji ukiziba kidogo kidogo, maji yanasukuma neva, zile nyuzi za kuonea. Unaweza kuwa na 130 kwa 80 mkononi na 34 jichoni. Na wapo wanaopata glakoma na presha ya jicho ikiwa chini ya 21, ndiyo maana kupimwa presha peke yake hakutoshi, lazima mtu akuangalie kisahani.

Lakini wewe afande wasiwasi wangu ni mwingine. Miaka tisa ya kisukari na hujapanuliwa mboni hata mara moja? Sukari inaharibu vimishipa vya damu nyuma ya jicho. Vinavuja, vinaziba, vingine vipya vinaota mahali visipotakiwa, vile vipya ni dhaifu na vinapasuka. Mwanzoni unaona safi kabisa. Ukija wakati unaona safi kuna leza na kuna sindano za kuzuia. Wenye kisukari tunawataka kila mwaka, hata kama wanasoma mstari wa mwisho. Jicho ni mahali pekee ambapo naweza kutazama mishipa yako ya damu bila kukupasua, kwa hiyo nikiona imeharibika humo najua hata figo zako ziangaliwe.

Afande Mstaafu

Hakuna aliyeniambia. Wananipa vidonge na kunikataza soda.

Dada wa Arua

Mimi nina swali la kunyenyekea. Mwanangu ana miaka 8, macho yanamwasha hasa wakati wa vumbi, anayasugua mpaka yanakuwa ya kahawia. Duka la dawa hapa wananipa tone moja linaitwa "lile la kukata wekundu", linamtuliza siku hiyohiyo. Nimekuwa nikimtia mwaka sasa, yakianza naenda kuchukua.

Musawo wa Macho

Dada, soma kichupa leo usiku. Ukiona deksamethasoni, betamethasoni au prednisoloni, hiyo ni steroidi. Inakata muwasho kweli, ndiyo maana watu wanaipenda. Ikitumika muda mrefu bila mtu kupima presha ya jicho, inaweza kumletea mtoto glakoma na mtoto wa jicho. Nimeona wanafunzi wa sekondari wamepoteza macho kwa mzio ambao ungeisha wenyewe wakikua. Usimlaumu mtu, usijilaumu, mpeleke apimwe presha wiki hii na uende na kichupa mkononi. Kuna matone ya mzio yasiyo na steroidi.

Dada wa Arua

Ni deksamethasoni pamoja na kitu kingine. Asante. Nimetetemeka.

Mama Zubeda Bombo

Poleni wote jamani. Sisi Wanubi watoto tunawatia wanja wakiwa na siku chache, bibi yangu alitiwa, mama yangu alitiwa, mimi nimetiwa, na tunaona. Ila nimesikia ina madini mabaya. Ni kweli au ni uzungu tu? Na maziwa ya mama kwenye jicho la mtoto je?

Musawo wa Macho

Mama Zubeda, wanja wa asili mara nyingi unasagwa kutoka jiwe lenye madini ya risasi ndani yake, na madini hayo mwilini mwa mtoto mchanga inaathiri ubongo. Wewe jipambe ukitaka, mchanga mwache. Maziwa ya mama ni chakula, usiyapeleke jichoni. Jicho la mtoto mchanga likitoa usaha ni dharura ya siku hiyohiyo, maana maambukizi mengine ya wakati wa kuzaliwa yanatoboa kioo cha jicho kwa siku chache. Mkojo, majani, asali, hayo nisiyaanze, nitaandika mpaka asubuhi.

Na mama, kwa kuwa umetaja wachanga. Mkipiga picha ya mtoto usiku kwa mwanga wa simu, jicho moja likaonekana na mng'ao mweupe kama la paka na la pili halina, msisubiri arobaini wala sherehe. Inaweza kuwa mtoto wa jicho, inaweza kuwa saratani ya jicho la watoto. Ruharo wanatibu watoto wa namna hiyo miaka mingi. Akiwahi anapona, wengine hata jicho linabaki.

Mwalimu wa Iganga

Naleta la shuleni. Nilikuwa na mtoto darasa la tatu, mtundu, hakai kwenye dawati, anakwenda kusimama mbele ya ubao au ananakili kwa mwenzake. Nimemchapa, sijifichi. Siku moja walikuja vijana wa macho na ubao wao wa E, wakamfunga jicho moja akaanza kulia. Jicho la pili lilikuwa karibu halioni. Kwa macho mawili alikuwa anajitahidi, kwa moja hana kitu. Walisema angepatikana mapema zaidi, kabla ya miaka saba hivi, lingefundishwa kuona kwa kuziba lile zima. Bado walimfanyia hivyo na lilipanda kidogo.

Tangu hapo kila mwanzo wa mwaka natundika ubao wa E mwenyewe. Kamba ya mita sita, kadi ya kuziba, dakika mbili kila mtoto. Sio uchunguzi kamili, najua, lakini anayeshindwa naandika barua kwa mzazi badala ya kushika fimbo.

Na kwetu Busoga msisahau vikope. Mama yangu mkubwa kope ziligeukia ndani zikawa zinakwaruza jicho kila akipepesa, alikuwa anazing'oa kwa koleo ndogo, tunaona kawaida. Musawo alimgeuza kope juu kwa kidole, sekunde moja, akaona makovu. Alifanyiwa upasuaji mdogo wa kope akarudi nyumbani.

Kikuubo Boy

Sasa mnanitisha. Mimi nina miaka 29, naona mpaka bei za duka la jirani.

Jirani wa Tororo

Bei za jirani kila mfanyabiashara wa Kikuubo anaziona, hata kipofu.

Elegu Express

Mzee wa Trela, nakufahamu, sitakutaja. Nilikuona yadi ukihesabu matairi nikajiuliza kulikoni. Nina swali na usikasirike. Sisi tukienda kupimwa tukakutwa na hayo, nani atalisha watoto? Bosi akisikia "macho" tu anampa gari kijana mwingine. Mimi karatasi nazisoma kwa kubahatisha, najua ziko wapi nambari. Ngazi ya kabini nimeikosa mara mbili mwezi huu nikadhani ni uchovu. Siendi. Nikienda nitajua, na nikijua nitashindwa kukaa kimya.

Mzee wa Trela

Mdogo wangu, sijakasirika. Hilo ndilo swali nililolifuta siku tatu.

Musawo aliyenipima hakunikataza kwa ukali. Aliniuliza: "Mtoto akikimbilia barabarani kutoka kushoto, utamwona lini?" Nikasema nitamwona. Akanyoosha mkono wake pembeni tena, kama siku ya kwanza, akanyamaza. Sikuuona. Nikaenda kwa bosi mwenyewe nikamweleza. Alikasirika kwanza, akanyamaza wiki, halafu akanipa yadi. Mshahara si ule, posho za safari hakuna, na kuna asubuhi nasikia injini zinawashwa saa kumi na moja najifunika blanketi masikioni. Sitakudanganya kwamba nafurahia matairi.

Lakini piga hesabu nyingine. Nyuzi zangu hazikuisha mwaka jana. Musawo anakadiria ziliisha kwa miaka mingi, labda tangu niko kwenye arobaini ya mwanzo. Wakati ule ningekuwa na presha ya juu na kisahani kizima. Ningepewa tone, ningeendelea kuendesha mpaka nichoke mwenyewe. Sikufukuzwa kazi na kipimo. Nilifukuzwa na ile miaka kumi ya kutopimwa, na gharama ya kupimwa haikufika hata nusu ya bei ya tairi moja la trela.

Ngazi ya kabini. Mimi niliikosa mwaka mzima. Nilinunua viatu vipya nikidhani ni soli.

Musawo wa Macho

Elegu Express, naongeza kidogo tu, sitaki kukusukuma. Kukosa ngazi inaweza kuwa glakoma, inaweza kuwa mtoto wa jicho, inaweza kuwa hiyo miwani ya kusomea unayoshuka nayo. Mtoto wa jicho unatolewa, unawekewa lenzi, unarudi barabarani. Miwani ni miwani. Usijihukumu kwa kesi ambayo haijasomwa.

Kuhusu matone: hayarudishi kilichopotea, yanalinda kilichobaki, na hapo ndipo wagonjwa wanaponikimbia. Wanatia mwezi mmoja, hawaoni tofauti, wanaacha. Tofauti yake ni kwamba hali haibadiliki. Timolol ni ya bei nafuu lakini mwenye pumu asiiguse, inabana kifua, ndiyo maana mzee aliulizwa pumu mlangoni. Ukitia tone, funga jicho na ubonyeze pembe ya ndani karibu na pua dakika moja au mbili, dawa isiteremkie kooni. Kuna upasuaji wa kufungulia maji njia, na kuna leza; hospitali ya KCMC pale Moshi, Tanzania, walichapisha utafiti 2021, wakalinganisha leza na timolol kwa mwaka mmoja, leza ikafanya vizuri zaidi. Bado mashine hizo ni chache kwetu.

Na ndugu wa damu wa mwenye glakoma, kaka, dada, watoto, hao ndio wa kwanza kuletwa. Mzee, una wangapi?

Mzee wa Trela

Tuko sita. Na watoto wangu wanne. Nimeanza na mdogo wangu wa mwisho kwa sababu yeye naye ni dereva, taksi, Mbale na Soroti.

Mama Zubeda Bombo

Mwenyezi Mungu awatangulie. Tupe habari.

Mzee wa Trela

(Wiki tano baadaye)

Mlioniuliza inboksi, samahani, nilikuwa na mambo.

Mdogo wangu alikataa mara tatu. Mara ya nne nilimdanganya kwamba mimi ndiye napimwa na nahitaji mtu wa kunirudisha, alipofika nikamwandikisha. Miaka 39. Alisoma ubao wote, mpaka mstari ambao mimi hata sikujua upo. Presha ya jicho 26 na 27. Kikombe kimeanza kukua, kama nusu ya kisahani na zaidi kidogo. Kwenye bakuli jeupe la vitaa, pembeni pote pazima isipokuwa doa dogo upande wa pua.

Amepewa tone moja kila usiku. Amerudi barabarani kesho yake. Kusema kweli ameshalisahau mara mbili, na kichupa alikiacha kwenye dashibodi juani mpaka mkewe akakitupa na kununua kingine. Sasa mkewe ndiye anampigia saa tatu usiku popote alipo, "umetia?", na abiria wake wanadhani ni mambo mengine.

Wawili kati ya dada zetu wako sawa. Kaka mkubwa anasema atakuja baada ya mavuno. Mama, ambaye ana sabini na kitu, amekutwa na mtoto wa jicho macho yote mawili na anasubiri tarehe. Nilipomweleza kuhusu mzee, kwamba haukuwa uzee na haukuwa ule urogi ambao shangazi walimsingizia jirani, alikaa kimya sana. Yule jirani alihama kwa sababu yetu. Sijui hata pa kumtafuta.

Afande Mstaafu

Nimeenda. Wamepanua. Kuna matone ya damu madogo nyuma ya jicho la kulia, wamesema ni mwanzo, nirudi baada ya miezi sita na nirekebishe sukari. Saa nne nilizokaa bila kuona simu zilikuwa za amani sana.

Kikuubo Boy

Mimi nabaki na karoti zangu kwa sasa. Ila mama yangu nampeleka Mengo Jumatatu.

Elegu Express

Mzee, nimefika Malaba usiku huu, foleni ni ileile. Hiyo hospitali wanafungua saa ngapi?

Mzee wa Trela

Saa mbili asubuhi, lakini uwahi kabla ya hapo uchukue namba. Nitakukuta langoni. Ufunguo wa gari mwachie tanboi.